Siku ya Mkutano: Jinsi Meza ya Marafiki wa Chicago Ilivyozaa Huduma

Jioni ya Alhamisi, Februari 23, 1905, wanaume wanne walikutana katika chumba namba 711 cha jengo la Unity, mtaa wa Dearborn, katikati ya jiji la Chicago. Mwenye ofisi alikuwa Gustavus Loehr, mhandisi wa madini. Wenzake walikuwa Silvester Schiele, mfanyabiashara wa makaa ya mawe. Hiram Shorey, mshonaji wa nguo. Na Paul Harris, wakili wa miaka 36. Harris na Schiele walikuwa wametoka kula chakula cha jioni pamoja, na walipokuwa mezani Harris alimweleza mwenzake wazo alilokuwa nalo kwa miaka kadhaa. Usiku ule hawakuzungumzia yatima wa kulea wala hospitali ya kujenga. Walikutana kwa sababu jiji lilikuwa limewameza, na kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na biashara iliyohitaji wateja.

Kikao kile ndicho chimbuko la Rotary, ambayo leo ina zaidi ya wanachama milioni moja katika nchi na maeneo zaidi ya 200. Habari zake husimuliwa mara nyingi kwa kutaja miradi: visima, madarasa, chanjo, ufadhili wa masomo. Mimi nataka kuzisimulia kwa upande wa mkutano wenyewe, yaani ile saa moja na nusu ya kila wiki ambayo mtu wa nje huiona kuwa chakula na maongezi tu. Wengi hudhani watu hawa walikutana ili watoe huduma. Ukifuata historia utaona kinyume chake: walianza kukutana, wakazoeana, wakaaminiana, na huduma ikazaliwa humo.

Wakili asiye na jirani

Paul Harris alizaliwa Racine, Wisconsin, mwaka 1868. Baba yake alifilisika, na mtoto akapelekwa akiwa na miaka mitatu kulelewa na babu na bibi yake huko Wallingford, mji mdogo wa Vermont uliozungukwa na milima. Mahali kama pale kila mtu alijulikana: mwenye duka, mhunzi, mchungaji wa kanisa, hata mtoto mtundu ambaye ni Paul mwenyewe. Alisoma sheria Iowa na kuhitimu mwaka 1891. Kisha, badala ya kufungua ofisi, akajipa miaka mitano ya kuzunguka na kuijua dunia. Alifanya kazi ya uandishi wa habari San Francisco, akafundisha Los Angeles, akaigiza jukwaani Denver, akawa karani wa usiku hotelini Jacksonville, akauza mawe ya marumaru, na akavuka bahari ya Atlantiki hadi Uingereza katika meli ya kubeba ng'ombe.

Mwaka 1896 alitulia Chicago. Jiji hilo lilikuwa likikua kwa kasi ya kutisha. Sensa ya mwaka 1900 ilihesabu watu karibu milioni 1.7. Reli kutoka kila upande zilikutania hapo, machinjio yake yalilisha nchi nzima, na kila siku walishuka vijana kutoka mashambani na wahamiaji kutoka Ulaya. Harris alipata wateja wa kumtosha, lakini hakupata watu wake. Siku ngumu zaidi kwake ilikuwa Jumapili, ofisi zilipofungwa na mtu asiye na ndugu akabaki kutembea bustanini katikati ya umati usiomjua jina.

Karibu na mwaka 1900 wakili mwenzake alimwalika kula chakula cha jioni nyumbani kwake, mtaa wa Rogers Park. Baada ya kula, wakatoka kutembea. Katika kila duka walilopita, mwenye duka alimwita mwenyeji yule kwa jina na kusalimiana naye. Harris aliona kwamba ndani ya jiji lile lile kuliwezekana kuwa na Wallingford. Swali lilikuwa namna ya kuijenga. Alilitafakari kwa takriban miaka mitano kabla ya kuwaita wenzake watatu.

Kwa zamu, ofisi hadi ofisi

Mkutano wa pili ulifanyika wiki mbili baadaye katika ofisi ya Harris, na wa tatu katika ofisi ya Schiele, kwenye yadi yake ya makaa. Utaratibu ulikuwa ni kuzunguka kwa zamu, na kutokana na mzunguko huo klabu ikapata jina lake la Rotary, neno la Kiingereza lenye maana ya kuzunguka. Schiele akachaguliwa kuwa rais wa kwanza. Watu wapya waliingia upesi, miongoni mwao Harry Ruggles, mpiga chapa. Kabla ya mwaka kwisha klabu ilikuwa na wanachama wapatao 30.

Kuzunguka ofisini kulikuwa na maana ya vitendo. Mwenye zamu aliwaeleza wenzake kazi yake inavyokwenda: makaa yanatoka wapi, yanauzwaje, hasara inatokea wapi. Mtu alimjua mwenzake mahali anapotolea jasho, si kwa kadi ya biashara. Jingine lililowatofautisha na vyama vingine ni kanuni ya mtu mmoja kwa kila kazi. Klabu ilikuwa na wakili mmoja, mshonaji mmoja, mpiga chapa mmoja, basi. Mwanzoni kanuni hiyo ilitokana na hesabu za biashara: wanachama wangenunuliana bidhaa na huduma bila kushindania mteja mmoja. Palikuwa hata na mtu aliyepewa kazi ya kuweka rekodi ya biashara waliyopeana.

Kuhudhuria hakukuwa jambo la hiari. Asiyefika alitozwa faini, na aliyekosa mikutano minne mfululizo alipoteza uanachama wake. Ukali huo unaweza kumshangaza msomaji, maana hawa walikuwa wamekuja kutafuta urafiki, na urafiki haulazimishwi. Lakini Harris na wenzake walikuwa wafanyabiashara wa jiji lenye shughuli nyingi. Walijua kwamba jambo lisilopewa siku na saa yake huahirishwa mpaka likasahaulika. Waliupa urafiki hadhi ile ile waliyoipa ahadi ya mteja.

Ofisi zilipokuwa ndogo kwa idadi yao, walihamia hotelini na kwenye migahawa, na mkutano ukaambatana na chakula. Kwa Kiswahili tunajua kwamba watu waliokula pamoja hawaagani kama walivyokutana. Pale Chicago, urasmi ulianza kuvunjika mezani. Waliitana kwa majina yao ya kwanza, jambo lisilokuwa la kawaida kati ya watu wazima wa biashara wa zama zile. Harry Ruggles naye akaleta nyimbo: jioni moja aliruka juu ya kiti na kuwataka wenzake waimbe, na tangu siku hiyo uimbaji ukawa sehemu ya mkutano. Mila hiyo ilienea katika klabu nyingi za Marekani na kudumu kwa miongo mingi. Watu wazima wanaoimba pamoja, hata kwa sauti mbovu, huondokewa na ule woga wa kujilinda ambao mji humvisha kila mtu.

Wakili aliyekataa kujiunga

Mwaka 1906 mwanachama mmoja alimwalika Donald Carter, wakili wa masuala ya hataza, ajiunge. Carter alisoma katiba ya klabu. Aliona malengo mawili tu: kuendeleza biashara za wanachama, na kukuza urafiki kati yao. Akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba klabu isiyomfaa yeyote ila wanachama wake haiwezi kudumu, na kwamba kundi la watu wenye uwezo na ujuzi wa namna ile lina deni kwa jiji linamoishi.

Wanachama wangeweza kumpuuza. Badala yake walimwomba aandike anavyoona inafaa, na lengo la tatu likaingizwa katika katiba: kuendeleza maslahi ya Chicago na kukuza kwa raia wake ari ya kulipenda na kulitumikia jiji lao. Carter akajiunga. Sababu ya ukosoaji wake kupokewa vile naiona katika mwaka mzima wa vikao uliotangulia. Watu waliokwisha kuzoea kuelezana hasara zao za biashara waliweza kusikia kasoro ya klabu yao bila kuona wametukanwa.

Mradi wa kwanza mkubwa haukuwa na fahari ya kuchongewa sanamu. Jiji la Chicago halikuwa na vyoo vya umma vya kuwatosha watu waliojaa katikati yake. Mwaka 1907 klabu ilianza kampeni ya kuvidai, ikaungana na vyama vingine, ikabishana na waliopinga, na miaka miwili baadaye choo cha umma kikafunguliwa karibu na jengo la serikali ya jiji. Ni huduma iliyogusa hitaji la kila siku la mtu asiye na ofisi wala hoteli ya kuingia. Na kanuni ile ya mtu mmoja kwa kila kazi, iliyobuniwa kwa ajili ya faida, sasa ilionyesha nguvu nyingine: kwenye meza moja alikuwapo wa kupiga chapa, wa kujua sheria, wa kujua majengo na wa kujua wakubwa wa jiji.

Kutoka Chicago hadi kila wiki

Harris alitaka wazo hili lifike miji mingine. Si wote waliokubali. Wapo waliokuwa wametosheka na meza yao, na walioona ugeni mwingi ungeharibu uswahiba. Mvutano ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Harris aliuacha urais wa klabu ya Chicago mwaka 1908, naye Ruggles akaushika. Hata hivyo, mwezi Novemba mwaka huo klabu ya pili ilianzishwa San Francisco. Mwaka 1909 zikafuata Oakland, Seattle, Los Angeles, New York na Boston.

Oakland ilileta badiliko dogo lenye matokeo makubwa. Chicago walikuwa wakikutana kila baada ya wiki mbili. Oakland walikutana kila wiki. Desturi hiyo ilishika na kuwa kanuni ya klabu kote duniani. Mtu unayekutana naye kila baada ya wiki mbili huwa unampa muhtasari wa habari zako. Unayekutana naye kila wiki anajua mtoto wako alikuwa mgonjwa Jumatatu iliyopita, na anauliza kama amepona.

Agosti 1910 klabu 16 zilikutana Chicago na kuunda chama cha kitaifa, Harris akiwa rais na Chesley Perry akiwa katibu. Perry angeshika kazi hiyo hadi mwaka 1942. Mwaka huo huo wa 1910 mpaka ulivukwa kwa klabu ya Winnipeg, Kanada, na mwaka 1911 bahari ikavukwa kwa klabu za Dublin na London. Kadiri watu walivyosafiri, ukazuka utaratibu wa mwanachama aliyekosa mkutano wa kwao kuufidia kwa kuhudhuria mkutano wa klabu ya mji alikokuwa. Sharti la mahudhurio likageuka mlango wa ukarimu. Mfanyabiashara aliyeshuka katika mji wa ugenini alijua kwamba siku fulani ya wiki, katika hoteli fulani, kuna kiti chake. Wageni na wenyeji wakawa wakibadilishana vibendera vya klabu zao, navyo vikapamba kuta za kumbi za mikutano.

Mfano huu uliigwa na vyama vingine. Kiwanis ilianza Detroit mwaka 1915, na Lions ikaanza Chicago mwaka 1917. Chama cha hiari chenye siku maalumu, meza, kengele, msemaji mgeni na mradi wa mji kikawa sehemu ya maisha ya kiraia ya karne ya 20.

Meza iliyokataa kufa

Mkutano wa kila wiki ulijaribiwa vikali na siasa. Ujerumani chini ya utawala wa Wanazi, klabu za Rotary zilivunjwa mwaka 1937. Japani, shinikizo la serikali ya kijeshi lilizifanya klabu zijitoe katika chama cha kimataifa mwaka 1940. Kisheria habari ilikuwa imekwisha. Lakini katika nchi zote mbili wapo walioendelea kukutana bila jina wala nembo. Huko Japani klabu zilijipa majina mapya kutokana na siku walizokuwa wakikutana. Ile ya Tokyo ikawa Klabu ya Jumatano. Vita vilipokwisha, nchi zote mbili zilirejea katika chama mwaka 1949, na kazi ilikuwa nyepesi kwa sababu watu hawakuwa wametawanyika.

Sijui ushahidi ulio wazi zaidi wa kile kilichoishikilia klabu. Serikali inaweza kuchukua jina, nembo, fedha na jarida. Waliobaki na siku ya kukutana walibaki na klabu.

Meza ya Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala

Afrika Mashariki ilipata klabu yake ya kwanza Nairobi mwaka 1930. Mombasa ilifuata mwaka 1944, Dar es Salaam mwaka 1949, na Kampala mwaka 1957. Ilikuwa miji ya kikoloni, na ukweli wa wakati huo hauwezi kufichwa chini ya kitambaa cha meza. Hoteli kubwa za Nairobi zilibagua watu kwa rangi, biashara na taaluma zilikuwa zimegawanywa kwa rangi, na klabu iliyochagua wanachama kwa nafasi zao kazini ilirithi mgawanyiko huo. Mkutano hujenga udugu kati ya wale waliomo tu. Nani anaruhusiwa kuketi ni swali la haki, na halijibiwi na ukarimu wa walioketi tayari.

Baada ya uhuru meza ilibadilika. Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Rotary duniani alikuwa Jonathan Majiyagbe, wakili wa Nigeria, mwaka 2003 hadi 2004. Uganda nayo ilimtoa Sam Owori, mwanachama wa klabu ya Kampala tangu mwaka 1978, aliyeteuliwa kuongoza kuanzia Julai 2018. Alifariki Julai 2017 kabla ya kushika wadhifa huo, na msiba wake ukaombolezwa na klabu za kila bara.

Uganda imekuwa mojawapo ya nchi ambako klabu hizi zimestawi sana, na anayehudhuria mikutano yake huelewa sababu. Kengele inagongwa, wimbo wa taifa unaimbwa, wageni wanatambulishwa mmoja mmoja na kupigiwa makofi. Aliyepata mtoto, aliyepandishwa cheo au aliyefunga ndoa anasimama kutoa sadaka ya furaha yake. Mwenye jukumu la nidhamu anatoza faini za kuchekesha kwa aliyechelewa au aliyeacha beji nyumbani, na fedha hizo zinaingia katika mfuko wa miradi. Mwanachama mmoja anaeleza kazi yake kwa dakika chache, jambo lile lile lililofanyika kwenye yadi ya makaa ya Schiele. Kisha msemaji mgeni anafundisha jambo, na watu wanabaki wakiongea hata baada ya kengele ya kufunga. Kutokana na mikutano ya namna hii zimetoka mbio za kuchangisha fedha za matibabu ya saratani nchini Uganda, na mbio za Rotary za Dar es Salaam zinazofanyika Oktoba 14, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere.

Wanawake wa Duarte

Kwa zaidi ya miaka 70 meza hii ilikuwa ya wanaume peke yao. Waliovunja kanuni hiyo walikuwa klabu ndogo ya Duarte, California, iliyopokea wanawake mwaka 1977. Mwaka uliofuata chama kikawanyang'anya hati ya kuwa klabu ya Rotary. Duarte walifanya kama wenzao wa Japani: waliendelea kukutana, wakijiita klabu ya zamani ya Rotary na kuchora alama ya msalaba juu ya nembo yao, huku kesi waliyoifungua ikipanda mahakama moja hadi nyingine. Mei 4, 1987, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba klabu hizi hazina haki ya kuwakataa wanawake kwa kisingizio cha faragha. Mwaka huo Sylvia Whitlock, mwalimu mkuu wa shule, akawa rais wa klabu ya Duarte, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mwaka 1989 Rotary ikafungua milango duniani kote, na mwaka 2022 Jennifer Jones wa Kanada akawa rais wa kwanza mwanamke wa chama chote.

Polio na hesabu ya uvumilivu

Kazi kubwa kuliko zote ilitangazwa mwaka 1985: kuutokomeza ugonjwa wa polio. Mwaka 1988, mashirika ya kimataifa yalipoungana katika kazi hiyo, watoto wapatao 350,000 walikuwa wakipooza kila mwaka katika nchi 125. Klabu za Rotary zimechangia zaidi ya dola bilioni 2, na Agosti 25, 2020, kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa huru na kirusi cha asili cha polio.

Fedha peke yake haifikishi tone la chanjo mdomoni mwa mtoto. Chanjo inahitaji jokofu, gari, mafuta, daktari, mtangazaji wa redio, na mtu anayejulikana na wazazi wa mtaa ule. Katika klabu ya mji wa kawaida wa Afrika watu hao wote huwa wanaketi meza moja, na wanapigiana simu bila barua ya utambulisho. Kampeni iliyochukua miaka 35 barani mwetu ilihitaji pia kitu ambacho wafadhili wa msimu hawana: watu waliozoea kurudi mahali pale pale, juma baada ya juma, hata kama juma lililopita halikuleta habari njema.

Sharti lililolegezwa

Mwaka 2016 baraza la sheria la Rotary liliziruhusu klabu kukutana mara mbili kwa mwezi badala ya kila wiki, na kubuni namna nyingine za mikutano. Sababu zilieleweka: foleni za magari, saa ndefu za kazi, bei ya chakula cha hoteli, na vijana wasiotaka kufungwa na daftari la mahudhurio. Mwaka 2020 janga la korona likawahamishia wengi kwenye mikutano ya mtandaoni, na wapo wasiorudi.

Siwalaumu waliolegeza. Gharama ya chakula imewazuia watu wengi wema kuingia, na klabu inayokutania chini ya mwembe kwa chai na mihogo haina upungufu wowote. Ila historia hii inatuonya tusikosee kuhusu kilicho cha ziada na kilicho cha msingi. Hoteli ni ya ziada. Beji ni ya ziada. Kurudiarudia kukutana ndiko kulikomfanya Carter asikilizwe, kulikowapa Wajapani na watu wa Duarte nguvu ya kungoja, na kulikojenga imani iliyobeba kampeni ya polio. Klabu inayotaka kupunguza matumizi ipunguze chakula, ipunguze hotuba, ipunguze sherehe za kukabidhiana uongozi. Siku ya mkutano iiache mahali pake, na iwakaribishe mezani wale ambao mji wao bado haujawajua kwa majina.